Kombora Kwenye Mkoba wa Usukani

Nilistaafu mwezi uliopita. Madame Hilde, mwenye kampuni yetu ya matembezi ya baiskeli, ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kuongoza wageni msimu huu. Alitaka kurasa mbili za ufundi. Ya ufundi nitayasema, lakini kuna siku moja ambayo nisipoiandika mimi mtasimuliwa na wengine, tena kwa chumvi nyingi.

Nilifika Brussels nikimfuata mke wangu Zainabu, aliyepata kazi ya uuguzi katika hospitali kubwa ya Jette. Kwetu Singida nilikuwa mwalimu wa jiografia. Hapa nikawa mume wa nesi, kazi isiyo na likizo. Mwezi wa tano wa kukaa bure niliokota baiskeli iliyotupwa barabarani, nikaikokota hadi karakana moja kule Ixelles kuuliza bei ya spoku. Ndani kulikuwa na mzee mfupi aliyevaa aproni ya ngozi, akigombana na gurudumu.

"Ile kintu iko nanisumbua tangu asubuyi," alikuwa akijisemea.

Nikamwamkia kwa Kiswahili. Hakushangaa hata kidogo. Alinitazama viatu, kisha mikono.

"Weye uko muntu wa wapi?"

"Tanzania, baba. Singida."

"Bon. Shika hii roue, unyamaze," akasema, akinisukumia gurudumu.

Huo ndio ulikuwa usaili wangu wa kazi. Mzee huyo alikuwa Papa Ngoie, mtu wa Likasi, fundi wa kampuni. Jioni ile alimwambia Madame Hilde kwamba amepata msaidizi, na Madame Hilde, ambaye hakuwa ametangaza nafasi yoyote, akakubali, kwa sababu Papa Ngoie alikuwa hapendi kurudia maneno.

Mwaka wa kwanza sikuongoza mtu. Nilinyoosha magurudumu. Papa alinifundisha kupiga spoku kwa ukucha na kusikiliza: iliyolegea ina sauti nzito, iliyokazwa kupita kiasi inalia kama mbu. Alinifundisha pia kwamba barabara ya changarawe haitaki tairi gumu. Wageni wetu wengi hufika wamejaza upepo mpaka tairi linagonga kama jiwe, kisha wanalalamika kwamba Ufaransa ina mashimo. Mpunguzieni mgeni upepo wakati anakunywa kahawa. Atashuka jioni akisifu tandiko.

Baadaye nikaanza kuongoza, Papa akitusubiri vijijini na gari la huduma. Njia zetu mnazijua: tunaondoka Brussels asubuhi na baiskeli ndani ya gari, tunavuka mpaka, na chini ya saa mbili tuko kwenye vijiji vya matofali mekundu ambavyo makanisa yake yana minara ya kujihami, maana zamani kila jeshi lililopita lilipita hapo. Tunafuata njia za mashamba, kingo za mifereji na reli za zamani zilizong'olewa vyuma. Unaweza kwenda nusu siku usione gari. Kitu nilichojifunza mapema ni maji. Duka la kijiji limefungwa, mkahawa ulikufa na mwenyewe, lakini kila eneo la makaburi la Ufaransa lina bomba la maji kwa ajili ya maua. Jazeni chupa hapo, vueni kofia, msipige kelele.

Jambo la pili la kujua ni chuma. Ukishuka kusini zaidi, kwenye vilima ambako Vita Kuu ya Kwanza ilikwama miaka na miaka, ardhi bado inatapika. Trekta likilima linaibua makombora ya mizinga, na mkulima huyaweka pembeni ya shamba, chini ya nguzo ya umeme, hadi wategua mabomu wapite kuyachukua. Yamefunikwa kutu na udongo, yanafanana na chupa nene au kipande cha bomba. Ndiyo maana asubuhi ya siku ya kwanza, kabla mtu hajapanda baiskeli, mwongozaji anatakiwa kuwakusanya wageni na kuwaambia: chuma chochote mtakachokiona, msikiguse, msikipige teke, niiteni. Ni dakika nne. Nimezipima.

Siku ninayoizungumzia ilikuwa mwezi wa kumi. Wageni walikuwa tisa. Mvua ilikuwa inanyesha pale tulipoegesha gari, wageni wamejikunyata, wawili wameanza kutetemeka. Nilikuwa nimeshaiongoza njia ile mara nyingi, na mara zote hakuna aliyegusa kitu. Nikasema moyoni, nitawaambia kwenye kituo cha kwanza, wakishapata joto. Nikapuliza filimbi tukaondoka. Kwenye kituo cha kwanza mnyororo wa mtu ulikatika. Nikaushughulikia, nikasahau.

Miongoni mwa wageni alikuwepo mwalimu wa historia, mama wa miaka hamsini hivi aitwaye Liesbet. Alikuwa mpanda baiskeli mzuri na mwenye maswali mazuri. Tulikuwa tumezoeana haraka, walimu wawili. Baada ya saa sita mchana tulipanda njia ndefu ya changarawe hadi juu ya kilima kitupu, shamba upande huu na shamba upande ule, hakuna mti. Wenzake walitangulia kushuka. Yeye alibaki nyuma akipiga picha, na mimi nikamsubiri mbele kidogo, kwa kuwa mwongozaji ndiye wa mwisho siku zote.

Alinipita, nikamfuata. Tulishuka labda mita mia nne, changarawe ikitupiga mikono, ndipo nikasikia kitu kinasugua. Mkoba wake wa mbele, ule unaofungwa kwenye usukani, ulikuwa umelemewa hadi unagusa tairi. Zipu ilikuwa imepasuka.

"Liesbet," nikamwita, "mkoba wako una nini?"

Akajibu bila kugeuka, kwa furaha. "Nimewapatia wanafunzi wangu kitu. Kipande cha chuma cha vita, kilikuwa chini ya nguzo. Sijui kama ni bomba."

Nimeshaulizwa mara nyingi nilijisikiaje. Nilisikia ubaridi nyuma ya masikio. Nilijua pia kwamba nikipiga kelele atakamata breki ya mbele.

"Sikiliza," nilisema, na nikajitahidi itoke sauti ile ya kumweleza mwanafunzi ramani. "Punguza kwa breki ya nyuma tu. Pole pole. Usishuke mpaka nifike."

Akapunguza. Labda sauti yangu ilimwambia, maana mabega yake yalikakamaa. Nilitupa baiskeli yangu kwenye majani na kumfikia kwa miguu wakati gurudumu lake linasimama. Nikashika usukani kwa mkono mmoja na tandiko kwa mwingine, nikamwambia avushe mguu taratibu ashuke. Akashuka. Kisha nikaangalia kwenye mkoba.

Ncha ilikuwa imechungulia nje ya zipu. Kutu, udongo mkavu, na kwenye ncha kile kikofia cha shaba ambacho kwenye picha za mafunzo kimezungushiwa duara jekundu. Maana yake kilipuzi bado kipo.

"Si bomba," nikasema.

Uso ukamwisha rangi. Akanyoosha mkono. "Nitalitoa. Nitalirudisha nilikolitoa."

"Usiguse. Shuka kwa miguu hadi kwa wenzako. Waambie waende kijijini kwa Papa Ngoie na wasirudi. Usikimbie, kuna mteremko."

"Na wewe?"

"Mimi nitaiegemeza nije."

Nilisema hivyo ili aondoke. Hapakuwa na pa kuiegemeza. Njia ilikuwa imeinama pande zote mbili, baiskeli zetu hazina miguu ya kusimamia, na kama ningeilaza, mkoba ungegeuka na kombora lingeteleza kupitia zipu hadi kwenye mawe. Kuilaza polepole nako nilikufikiria. Nikajaribu kuinamisha kidogo sana, nikasikia chuma kinasogea ndani ya kitambaa. Nikasimamisha tena. Baada ya hapo sikujaribu kitu.

Niliachia tandiko kidogo, nikapiga namba ya dharura kwa kidole gumba, kisha nikaibana simu kati ya sikio na bega. Dada aliyepokea alikuwa mtulivu. Aliniuliza mahali, akaniuliza kama kuna watu karibu, akasema niliache na niondoke. Nikamweleza kwa nini siwezi. Akasema wategua mabomu wako kazini mahali pengine, watachukua muda, labda saa moja na nusu, na nisikate simu. Ikakatika yenyewe. Vilima vile mtandao wake mnaujua.

Saa moja na nusu si muda mrefu mtu akiwa ameketi. Jaribuni kusimama kwenye mteremko wenye mawe ya kuteleza, mmeshika baiskeli ambayo mbele yake kuna uzito kama wa watoto wachanga wawili, na msipumue kwa nguvu. Baada ya robo saa mkono wa kushoto ulianza kutetemeka. Nilikuwa nauambia, kwa sauti kabisa, "Tulia." Mvua ikaanza tena, nyembamba. Niliwaza juu ya Zainabu, kwamba alikuwa zamu ya mchana na simu yake ilikuwa kabatini. Niliwaza zile dakika nne. Sikuomba dua ndefu. Nilikuwa nikiianza na kuisahau katikati.

Halafu nikamwona mtu anapanda njia kwa miguu. Mfupi, aproni ya ngozi, na begani amebeba stendi yetu ya ufundi, ile nzito ya miguu minne inayobana baiskeli wakati wa kuitengeneza.

"Papa, rudi!" Ndiyo mara pekee nilipopaza sauti siku ile.

Aliendelea kupanda. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne na alikuja kwa mwendo ule ule wa kwenda kununua mkate. Alipofika hatua kumi akasimama, akaweka stendi chini bila mlio, akapumua.

"Nani ingine anajua uko hapa?"

"Wategua mabomu wanakuja. Papa, tafadhali. Ondoka."

"Mi nilisikia. Mukono gani iko nachoka?"

"Wa kushoto."

"Bon. Usiongee tena. Ukiongea, guidon inatingishika," akasema, akiuelekezea usukani kidevu.

Akaizunguka baiskeli mara moja, mikono nyuma, kama anavyokagua baiskeli ya mteja. Nilikuwa nimefikiri ataileta stendi, abane bomba la tandiko, tuondoke. Ni yeye aliyeona ambalo mimi sikuliona: ukibana baiskeli kwa nyuma, gurudumu la mbele liko huru. Usukani ungepinduka wenyewe mara tu ningeuachia, pamoja na mkoba wake.

"Tufunge mbele kwanza," akasema.

Akatoa mfukoni mpira wa ndani wa zamani, uliokatwa, wa aina anayofungia kila kitu. Akapiga magoti kwenye changarawe, uso wake ukiwa chini ya mkoba, karibu kiasi kwamba angeweza kusoma maandishi ya kiwandani kwenye chuma, kama kutu ingekuwa imeyaacha. Akapitisha mpira kwenye ukingo wa gurudumu, akauzungusha kwenye bomba la fremu, akavuta. Sio kwa haraka. Alivuta, akasubiri, akavuta tena. Nilisikia pumzi yake puani. Kuna wakati tairi lilisogea upana wa kidole, na ndani ya mkoba kitu kikagonga, mara moja, taratibu.

Hakuna kati yetu aliyesogea. Sijui ni muda gani. Papa alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua alimalizia fundo.

Kisha akaleta stendi, akachimbia miguu yake kwenye mawe kwa spana, mguu mmoja mmoja, akipima kwa kiganja. Akapandisha taya ya kubana hadi ikafika sawa na bomba la tandiko, ili baiskeli isinyanyuliwe hata kidogo. Akakaza. Akatikisa stendi yenyewe kwa kidole. Imara.

"Sasa achia mukono ya kuume. Voilà. Alors, ile ingine."

Vidole vya kushoto vilikataa kufunguka. Akavifungua yeye, kimoja baada ya kingine, akanishika kiwiko kama mgonjwa, tukashuka. Baada ya mita mia mbili nilikaa ukingoni mwa mtaro. Papa alisimama pembeni akitazama mashamba.

"Ile stendi," akasema baadaye, "isipovunjika, nitaosha."

Wategua mabomu walifika, wawili, watu wa makamo wasio na haraka. Walilitoa wakalilaza kwenye sanduku la mchanga. Nilimuuliza mmoja kama lingeweza kulipuka. Aliniambia mimi na Papa na yule mama tunawe mikono kwa sabuni mara tatu, maana mengine yana gesi, na tusijiguse macho.

Jaribu la pili la siku ile lilinikuta kijijini, chini ya paa la kituo cha basi. Askari wa jandarmu, polisi wa vijijini wa Ufaransa, alikuwa anaandika maelezo. Liesbet alikuwa amekaa kwenye benchi, amefunikwa blanketi letu, macho yamemvimba.

"Wageni waliambiwa asubuhi wasiguse silaha za kale?" askari akauliza.

Kabla sijafungua mdomo Liesbet akasema, "Alituambia. Alituambia vizuri kabisa. Ni kosa langu."

Aliniangalia. Nilielewa anachonipa. Wageni wengine wanane walikuwa wametazama chini, wote wakijua. Ningenyamaza tu, hata uongo nisingekuwa nimeusema mimi. Askari alikuwa ameshaanza kuandika. Namkumbuka kwa kalamu yake, ya buluu, iliyotafunwa mwishoni.

Nilinyamaza. Niseme ukweli, nilinyamaza kiasi cha kumaliza mstari mmoja.

"Afande," nikasema, "futa hiyo. Sikuwaambia. Mvua ilikuwa inanyesha, nikaahirisha, nikasahau. Huyu mama hakujua ameokota nini."

Liesbet akaanza kulia upya. Askari akafuta, akaniuliza jina langu herufi kwa herufi.

Madame Hilde hakunifukuza. Aliniondoa barabarani mwaka mzima na kunirudisha karakana, na mbele ya wenzangu wote akasema kwa nini. Nilimchukia kwa wiki mbili hivi. Ile karatasi ya maelezo ya asubuhi mnayoisaini leo kabla ya kupewa funguo za gari ndipo ilipoanzia. Najua mnaiona ni usumbufu. Saini ya kwanza pale juu ni yangu.

Mwaka ule wa karakana nilimuuliza Papa Ngoie swali moja tu. Ilikuwa wakati wa baridi, tunabadilisha beringi, redio imezimwa. Nikamuuliza kwa nini alipanda kile kilima wakati nilikuwa nimeagiza mtu asije.

Aliweka spana chini.

"Nikiwa kijana, ku mine, mule mugodi, tulikuwa bawili na camarade moja, tunashika moteur nzito kwa mnyororo. Mnyororo ikaanza kulia. Mi nikakimbia. Yeye akabaki chini yake." Akapangusa beringi, akaiangalia kwenye mwanga. "Banasemaka muntu anazoea. Hapana. Leta ingine."

Hatukulizungumza tena. Alistaafu miaka michache baadaye, akahamia kwa binti yake anayeishi Berchem-Sainte-Agathe, kwenye ghorofa ambayo lifti yake alikuwa akiitengeneza bila ruhusa ya mtu. Alifariki mwaka juzi. Kwenye msiba binti yake aliniuliza kama baba yake alikuwa mtu wa maneno kazini, kwa sababu nyumbani hakuwa. Nikamwambia alikuwa mtu wa maneno machache, na yote nimeyashika.

Nilirudi barabarani na nikaongoza hadi mwezi uliopita. Sitawahesabia safari. Nitawaambia tu kwamba baada ya siku ile sikuwahi tena kuwa na asubuhi ya kawaida kwenye vilima vile, na nadhani ni afadhali.

Limebaki jambo moja. Zainabu sikumwambia. Jioni ile nilipofika Jette alikuwa amechoka na zamu, nikasema mvua ilikuwa mbaya. Kesho yake nikasema nitamwambia Jumapili. Niliporudishwa karakana nilimwambia Papa anahitaji msaidizi. Hivyo hivyo miaka ikapita. Wiki niliyostaafu, tukiwa tunakunywa chai jikoni, nikaona sasa hakuna tena cha kumtia hofu, nikamsimulia yote, kama nilivyowasimulia ninyi.

Alisikiliza hadi mwisho. Akamimina chai yake iliyopoa kwenye sinki.

"Najua," akasema. "Papa Ngoie alinipigia simu wiki ile ile. Alisema, maman, muangalie mukono wake ya kushoto, kama unatetemeka usiku."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anajua, miaka yote hiyo.

"Ulikuwa unaondoka kila Ijumaa asubuhi unapiga mluzi," akasema. "Nikaona mmoja wetu akijifanya hajui, angalau mmoja atapanda baiskeli akiwa na raha. Mimi nilikuwa naenda kazini na simu mfukoni, wala si kabatini. Waliniandikia onyo mara mbili."

Akanishika mkono wa kushoto, akaugeuza kiganja juu, akauangalia muda mrefu kama nesi. Kisha akasema kesho hatuna wa kumsubiri wala wa kumuaga, tulale mpaka tuchoke.